Mzee Tsuta: mwalimu aliyewavusha watoto wa milimani wakaione bahari

Wadau, leo tuachane kidogo na soka. Najua Simba na Yanga zina wenyewe na hakuna siku inayopita bila habari zao, lakini kuna mzee mmoja wa Kijapani ambaye nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda sasa, na kila nikimaliza narudi kwenye swali lilelile: hivi kocha tunampima kwa kitu gani? Kwa makombe? Kwa idadi ya vijana waliopita mikononi mwake wakaja kulipwa mamilioni? Au kuna kipimo kingine ambacho hakikai kwenye kabati la vikombe?

Mzee mwenyewe anaitwa Fumiya Tsuta. Alizaliwa mwaka 1923, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 77. Hakuwahi kufundisha timu ya taifa, wala klabu ya kulipwa. Maisha yake yote ya ukocha, miaka kama 40 hivi, aliyatumia sehemu moja tu: shule ya sekondari ya Ikeda, shule ya serikali iliyo katika mji mdogo milimani, mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku. Mchezo wake ulikuwa besiboli. Lakini ukimtajia jina Ikeda Mjapani yeyote aliyekuwa na akili timamu miaka ya 1980, usishangae akikutajia kikosi kizima.

Kabla hatujaenda mbali, tuwekane sawa kuhusu mchezo wenyewe, maana najua wengi wetu tumeuona kwenye sinema tu. Besiboli ni timu mbili za watu tisa tisa. Mmoja wa timu hii anarusha mpira, mmoja wa timu ile anasimama na gongo anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa uwanjani. Akimaliza mzunguko, timu yake inapata pointi, yaani mkimbio mmoja. Akiupiga mpira ukavuka uzio moja kwa moja, anazunguka taratibu anapunga mkono, hakuna wa kumgusa. Timu zinapokezana kupiga na kulinda kwa zamu tisa. Basi, hayo yanatosha kwa leo.

Sasa Wajapani, mchezo huu wanaupenda kuliko tunavyoweza kufikiri, na cha ajabu ni kwamba mapenzi makubwa kabisa hayako kwenye ligi ya kulipwa peke yake. Yako pia kwa watoto wa shule. Mashindano ya sekondari ya nchi nzima yalianza mwaka 1915, na tangu 1924 yana nyumba yake, uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Yapo mara mbili kwa mwaka: yale yanayoanza Machi, na yale makubwa zaidi ya Agosti. Ni mtoano. Ukifungwa mara moja, kwaheri. Uwanja unajaa makumi ya maelfu ya watu, televisheni ya taifa inarusha mechi kuanzia asubuhi, na timu ikishinda inasimama mstari mmoja kuimba wimbo wa shule yake huku nchi nzima ikisikiliza. Walioshindwa hupiga magoti wakachota udongo wa uwanja, wakautia kwenye mifuko na kwenda nao nyumbani. Wengi wao hawatarudi pale tena maishani.

Jina hilo la Koshien si geni kabisa hata kwetu. Besiboli ilianza kufundishwa katika baadhi ya sekondari za Dar es Salaam mwaka 2012, Azania ikiwa mojawapo, kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yake ya taifa yakapewa jina la Tanzania Koshien. Kwa hiyo wapo vijana wa Kitanzania waliovaa glovu wakaota ndoto yenye jina hilohilo. Ndiyo maana naona historia ya Tsuta inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili.

Haya, turudi kwa mzee.

Tsuta alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mwalimu. Akiwa kijana alisoma Tokushima Shogyo, shule ya biashara iliyokuwa na jina kubwa la besiboli mkoani kwao, na akafika Koshien akiwa mwanafunzi. Akaenda chuo kikuu cha Doshisha, Kyoto. Halafu vita ikamkuta. Japani ilipoanza kuwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu kuwapeleka vitani, naye akaingia jeshi la majini upande wa ndege, na akapangwa kwenye vikosi vile vya marubani wa kujitoa mhanga, wale waliokuwa wakitumwa kwenda kugonga meli za adui na ndege zao bila matarajio ya kurudi. Vita ikaisha mwaka 1945 zamu yake haijafika. Wenzake wengi hawakurudi. Yeye akarudi.

Baada ya vita akacheza tena, na mwaka 1950 akapata nafasi kwenye timu ya kulipwa, Tokyu Flyers, kama mrushaji. Akakaa msimu mmoja. Hakushinda mechi hata moja, alipoteza moja, biashara ikaishia hapo. Mwaka 1951 akaenda Ikeda kuwa mwalimu wa maarifa ya jamii, na muda mfupi baadaye akakabidhiwa timu ya besiboli.

Sasa tazama anakokwenda. Ikeda uko upande wa magharibi wa mkoa, kando ya mto Yoshino, umezungukwa na milima pande zote. Ni mji uliowahi kuishi kwa biashara ya tumbaku. Vijana wanaozaliwa huko, wakishamaliza shule, wengi hushuka kwenda mijini kutafuta kazi na hawapandi tena. Shule ni ya serikali. Haina bweni la wachezaji nyota, haina fedha za kwenda kuvizia vipaji mikoa mingine. Inacheza na watoto inaowapata: wa wakulima, wa wakata miti, wa wenye maduka ya pale mjini.

Na njia ya kwenda Koshien ilikuwa nyembamba kama tundu la sindano. Ndani ya mkoa palikuwa na vigogo, mmojawapo shule aliyosoma Tsuta mwenyewe. Na hata ukiwapita hao, enzi zile kwa mashindano ya Agosti mikoa miwili ya Tokushima na Kochi iligawana nafasi moja tu, na Kochi kwa besiboli ni moto wa kuotea mbali.

Matokeo yake? Mwaka wa kwanza hakufika. Wa tano hakufika. Wa kumi hakufika. Wa kumi na tano hakufika. Alifika Koshien kwa mara ya kwanza Agosti 1971, karibu miaka 20 tangu aanze.

Hebu tusimame hapa kidogo. Miaka ishirini! Mimi nimefanya kazi kwenye dawati la michezo muda usio mrefu, na nimeshaandika habari za makocha kufukuzwa baada ya mechi tatu, mwingine kabla hata begi lake halijafunguliwa vizuri. Tunaandika "uongozi wakosa imani na kocha", tunapiga picha ya mwingine anashuka uwanja wa ndege, maisha yanaendelea. Kwa mtindo wetu huu, Tsuta angefukuzwa kama mara kumi kabla ya 1971, na mimi ninayeandika haya ningekuwa wa kwanza kuuliza kwenye gazeti anangoja nini. Lakini alikuwa mwalimu. Mshahara wake ulitoka kwa kazi ya darasani, na timu ilikuwa kazi ya baada ya vipindi. Nadhani hilo ndilo lililomwokoa. Mji ulimpa muda kwa sababu muda haukuwa na bei.

Na wakati wote huo alikuwa na jambo moja alilokuwa akilisema, ambalo baadaye lilichongwa kwenye jiwe la kumbukumbu shuleni Ikeda: kwamba alitaka watoto wa mji ule wa bondeni waione bahari kuu, hata kama ni mara moja tu. Alikuwa anazungumza kwa mafumbo, lakini fumbo lenyewe lina ukweli wa kushikika. Shikoku ni kisiwa. Enzi hizo hakukuwa na daraja la kwenda kisiwa kikuu cha Honshu. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 1988. Kwa hiyo mtoto wa Ikeda kwenda Koshien ilikuwa ni kushuka mlimani, kupanda meli, kuvuka maji, na kuingia kwenye uwanja ulio karibu na ghuba ya Osaka, ambako upepo wa bahari huyumbisha mipira iliyopigwa juu. Bahari waliiona kwa macho yao, kisha wakaiona ile nyingine, ya dunia pana kuliko bonde lao.

Umaarufu ulikuja Machi 1974, na ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea. Ikeda walifika Koshien wakiwa na wachezaji 11. Si kumi na moja wa kuanza na wengine benchi. 11 wote jumla, katika mchezo unaohitaji tisa uwanjani. Wangeumia watatu, mechi imekwisha. Wakaanza kushinda. Wakashinda tena. Wakafika fainali, wakafungwa mikimbio 3 kwa 1 na Hotoku Gakuen. Magazeti ya Japani yakawapa jina la mapenzi, "wale kumi na moja", na neno la mbele lenye maana ya kitu kinachoburudisha, kama upepo mwanana wa asubuhi. Nchi nzima ikawapenda watoto wale wa milimani.

Hapa naomba nisimame kama mwandishi wa habari, si kama shabiki. Kwa nini walikuwa 11? Haikuwa kwamba shule ilikosa wavulana. Walioanza walikuwa wengi zaidi. Wengine walishindwa mazoezi, wakaacha. Mazoezi ya Tsuta yalikuwa ya kikatili, yalianza vipindi vikiisha na kwenda mpaka usiku, na mzee hakuwa mtu wa kubembeleza. Kwa hiyo ile hadithi tamu ya upepo mwanana ina upande wa pili: wale waliovua sare wakaenda zao, ambao hakuna gazeti lililowafuata kuwauliza. Sisi waandishi tunapenda sana kuhesabu waliobaki. Walioondoka hawana picha. Sisemi Tsuta alikuwa mtu mbaya. Wanafunzi wake wengi walimlilia alipokufa. Ninachosema ni kwamba mwujiza wa wale 11 ulikuwa pia hesabu ya kutoa.

Mwaka 1979 wakarudi fainali, safari hii ya Agosti. Wakakutana na Minoshima ya mkoa wa Wakayama, mabingwa wa Machi mwaka huohuo. Wakafungwa 4 kwa 3. Fainali ya pili, kidonda cha pili. Tsuta sasa ana miaka 56 kasoro siku chache, na hana kombe.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha habari yangu. Kocha wa umri ule, aliyefika fainali mbili, angeweza kabisa kukaa na mbinu zake akasubiri bahati. Tsuta akabadilika.

Ili uelewe ukubwa wa mabadiliko yenyewe, lazima ujue besiboli ya sekondari za Japani ilikuwaje. Ilikuwa ni mchezo wa nidhamu na kujinyima. Mwenzako akifika kituo cha kwanza, wewe unayefuata hupigi kwa nguvu. Unaugusa mpira kidogo uanguke mbele, wewe unatolewa, mwenzako anasogea kituo kimoja. Unajitoa kwa ajili ya timu. Mkimbio mmoja leo, mmoja kesho, unalinda kwa roho yote, unashinda 2 kwa 1. Makocha waliupenda mtindo huu kama dini, na Ikeda ile ya watu 11 nayo iliishi kwa ujanja na kulinda.

Lakini katikati ya 1974 kanuni iliruhusu magongo ya chuma badala ya mbao. Gongo la chuma halivunjiki ovyo, na mpira ukigonga unaruka zaidi. Shule nyingi zilichukua gongo jipya zikaendelea na mchezo wa zamani. Tsuta akawa miongoni mwa walioliona gongo lile kwa macho tofauti. Kama chombo kimebadilika, kwa nini mchezo ubaki vilevile? Akawaambia vijana wake wapige. Wapige kwa nguvu, kila mmoja, kuanzia wa kwanza mpaka wa tisa. Na ili waweze kupiga, akawaingiza kwenye kunyanyua vyuma, wakati ambapo wengi kwenye besiboli ya Japani waliamini kabisa kwamba vyuma hukaza misuli na kumharibu mchezaji. Watoto wa milimani walikuwa na mapaja na migongo ya kupanda vilima tangu utotoni. Mzee akaongezea vyuma juu yake.

Sauti ya gongo la chuma kwenye bonde la Ikeda ikawa inagonga mlima na kurudi. Wajapani wakawaita wapigaji wale kwa jina la mwangwi.

Agosti 1982 mwangwi huo ukafika Koshien. Robo fainali wakapangwa na Waseda Jitsugyo ya Tokyo, timu ya mrushaji Daisuke Araki, kijana aliyekuwa kipenzi cha taifa tangu 1980, ambaye wasichana walimfuata kama mwanamuziki. Hayo yalikuwa mashindano yake ya tano na ya mwisho Koshien. Watu wakasubiri mechi ya karibu. Ikeda wakashinda 14 kwa 2. Katika zamu ya kwanza tu, Mitsuharu Egami aliupiga mpira wa Araki ukavuka uzio; baadaye Katsuhito Mizuno, akiwa bado hajafika mwaka wa mwisho, akapeleka mipira miwili nje ya uzio katika mechi hiyohiyo. Fainali wakakutana na Hiroshima Shogyo, shule yenye sifa ya besiboli ileile ya kugusa, kulinda na kujinyima. Ilikuwa kama mzee mzima wa mila amekaribishwa ukumbini. Ikeda 12, Hiroshima 2. Likawa kombe rasmi la kwanza la Agosti kwa mkoa mzima wa Tokushima, na mwalimu wa maarifa ya jamii akawa bingwa siku chache kabla ya kutimiza miaka 59, miaka 30 na ushei tangu afike Ikeda.

Mashindano yaliyofuata, Machi 1983, wakachukua tena, fainali ikiwa 3 kwa 0 dhidi ya Yokohama Shoko. Mizuno sasa ndiye mrushaji mkuu. Agosti 1983 wakaenda kutafuta kombe la tatu mfululizo, na hakuna aliyeona wa kuwazuia. Nusu fainali wakapewa PL Gakuen ya Osaka, shule binafsi ya taasisi moja ya dini, yenye bweni na vijana waliokusanywa kutoka kila upande. Mrushaji wa PL alikuwa Masumi Kuwata, mwaka wa kwanza, miaka 15. Mpigaji wao mkuu Kazuhiro Kiyohara, naye mwaka wa kwanza. Watoto wadogo mbele ya mafahali. PL wakashinda 7 kwa 0, na yule mtoto Kuwata, licha ya kuwazima Ikeda, akapiga na mpira wa kuvuka uzio kwa mkono wake.

Siku ile enzi ilibadilika mikono. Kuanzia hapo PL ndio waliotawala, na shule binafsi zenye kukusanya vipaji ndizo zikawa kanuni. Ikeda wakapata kombe lingine moja, Machi 1986, wakiwafunga Utsunomiya Minami 7 kwa 1 kwenye fainali. Machi 1987 wakafika nusu fainali. Halafu nguvu zikapungua, za timu na za mzee mwenyewe. Mwaka 1992 Tsuta akaachia timu rasmi. Jumla yake Koshien: ushindi mara 37, makombe matatu, fainali mbili alizopoteza.

Sasa urithi. Wengi huhesabu makombe wakafunga daftari. Mimi naomba tulifungue kidogo.

Cha kwanza, mchezo wenyewe. Baada ya Ikeda, kunyanyua vyuma hakukuwa tena kituko. Shule za Japani zikajenga vyumba vya mazoezi, wavulana wakawa vipande vya watu, mikimbio ikawa mingi. Ilifika mahali mipira ikawa inatoka kwenye magongo kwa kasi ya kutisha, ya kuhatarisha wanaorusha, hata kuanzia michuano ya Machi 2024 kanuni zikabadilishwa: gongo jipya la chuma, jembamba zaidi na lisilorusha mpira kwa nguvu kama la zamani. Yaani miaka 42 baada ya lile kombe la 1982, nchi nzima ilibidi ikae chini kuupunguza nguvu mtindo ambao mwalimu mmoja wa kijijini alikuwa mstari wa mbele kuuwasha. Kuna makocha wangapi duniani wameacha alama ya namna hiyo?

Cha pili ni kigumu zaidi kukisema. Besiboli ile ya enzi za Tsuta ilikula watoto. Mrushaji mmoja kubeba karibu mechi zote za mashindano, siku baada ya siku, jua la Agosti kichwani, lilikuwa jambo la kawaida na la kusifiwa. Leo Wajapani wameweka kikomo; tangu 2020 mrushaji wa sekondari haruhusiwi kupita mirusho 500 kwa wiki. Mazoezi ya kuwafukuzia wenzako nyumbani mpaka wabaki 11, leo mzazi angepeleka malalamiko. Sioni sababu ya kuficha hili ili mzee apendeze. Alikuwa mtu wa kizazi chake, kizazi kilicholelewa na jeshi, naye alipenda sake yake kupindukia, jambo ambalo hata hakulificha. Lakini mtu huyohuyo, mkali na mkaidi, ndiye aliyekubali akiwa na miaka karibu 60 kwamba njia aliyoizoea haitoshi. Ukali bila kubadilika ungemwacha na fainali mbili za kupoteza.

Cha tatu ni mji. Ikeda kama manispaa haupo tena. Mwaka 2006 uliunganishwa na majirani zake ukawa sehemu ya mji wa Miyoshi, kama ilivyotokea kwa miji mingi ya Japani inayopungukiwa watu. Kombe halikuzuia vijana kuhama. Besiboli haiwezi kurudisha watoto kwenye bonde lisilo na kazi, na ni vizuri tuseme wazi, kwa sababu hata huku kwetu tunapenda kuubebesha mchezo mizigo ya serikali.

Lakini sikiliza hili. PL Gakuen, wale waliomaliza utawala wa Ikeda, wenye bweni na fedha na vipaji vya nchi nzima, timu yao ya besiboli ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kashfa za wakubwa kuwapiga wadogo na kukoma kuandikisha wapya. Jitu lile halichezi. Ikeda, shule ya serikali milimani, bado ina timu. Na mwaka 2014 ilirudi Koshien katika michuano ya Machi, mara ya kwanza tangu 1992, ikiwa chini ya kocha ambaye alikuwa mwanafunzi wa Tsuta mwenyewe. Wakashinda mechi yao ya kwanza. Watu wazima waliokuwa watoto mwaka 1982 wakasimama kusikiliza wimbo wa shule ile ukiimbwa tena pale. Kombe hawakulipata, na sidhani kama kuna aliyejali.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kocha anapimwa kwa nini, nitakujibu kwa kumtazama Tsuta. Apimwe kwa aliowapata, si kwa aliowanunua. Apimwe kwa kitu alichokuwa tayari kukiacha alipoona hakifanyi kazi. Apimwe pia kwa aliowapoteza njiani, kwa haki, bila kuwafuta kwenye hadithi. Na apimwe kwa kama yupo mtu wa kuendelea baada yake, maana timu inayokufa na kocha wake ilikuwa mali ya kocha, haikuwa mali ya shule.

Na sisi upande wetu tujipime pia. Kila wilaya ya nchi hii ina mwalimu mmoja anayebaki uwanjani na watoto baada ya vipindi, filimbi shingoni, mipira miwili iliyochakaa, bila posho. Umisseta ikifika tunamwona wiki moja, halafu tunamsahau. Huenda yuko mwaka wa saba, huenda yuko mwaka wa kumi na nne, hajashinda kitu. Kwa hesabu za Ikeda, huyo bado yuko katikati ya safari. Swali ni kama tutampa muda wa kufika baharini na watoto wake, au tutamuuliza kombe liko wapi.